Ugonjwa wa sukari: je, chakula na kutembea vinatosha? Tuulize historia



Kuna swali linalorudi kila mara tunapozungumza juu ya afya. Mtu amepimwa, ameambiwa ana ugonjwa wa sukari. Akifika nyumbani, jirani wa kwanza anamwambia: acha sukari, kula sombe, tembea sana, utapona bila dawa. Jirani wa pili anamwambia: hapana, bila sindano ya insulini utakufa, chakula hakina kazi hapo. Nani anasema kweli?

Tukisoma historia ya ugonjwa huu tunaona kwamba kila jirani ana kipande cha ukweli. Tunaona pia kwamba kipande kimoja, mtu akikishika peke yake, kimekwisha kuua watu wengi, wakiwemo watoto. Ndiyo sababu leo hatutatoa shauri la haraka. Tutafuata njia ambayo waganga na wagonjwa wenyewe walipita kwa miaka mingi mpaka wakajua ni wakati gani chakula kinatosha, na ni wakati gani hakitoshi hata kidogo.

Mkojo unaoita siafu

Ugonjwa huu si wa wazungu, wala si wa siku hizi. Katika Misri ya zamani, mnamo mwaka wa 1550 mbele ya Kristo, waganga waliandika kwenye karatasi za mafunjo juu ya watu wanaokojoa kupita kiasi. Huko Uhindi, waganga wa zamani wanaojulikana kwa majina ya Sushruta na Charaka waliona kwamba siafu na sisimizi wanakusanyika mahali ambapo wagonjwa fulani wamekojoa. Wakaupa ugonjwa jina lenye maana ya mkojo wa asali. Tena wakaona jambo ambalo dunia ingelisahau kwa muda mrefu: kwamba kuna wagonjwa wa namna mbili. Wa kwanza ni wembamba, mara nyingi vijana, nao wanakufa upesi. Wa pili ni wanene, wamezidi miaka, na hao waliambiwa watembee na wapunguze chakula.

Katika karne ya pili ya kizazi chetu, Aretaeus, daktari wa Kigiriki kutoka Kapadokia, alieleza kwamba mwili wa mgonjwa ni kama unayeyuka na kutoka kwa njia ya mkojo. Hata jina diabetes lenyewe linatoka katika Kigiriki, na maana yake ni kitu kinachopitisha maji. Ibn Sina, mwanachuoni wa Uajemi aliyeishi kati ya miaka ya 980 na 1037, naye aliandika juu ya utamu wa mkojo wa wagonjwa hao.

Mnamo mwaka wa 1776, daktari Mwingereza Matthew Dobson aliuchemsha mkojo wa mgonjwa mpaka maji yakaisha, akakuta chini kitu cheupe chenye ladha ya sukari. Akaona tena kwamba hata damu ya mgonjwa ina utamu. Hapo watu wakaanza kuelewa kwamba figo si mkosaji. Sukari imejaa katika damu yenyewe, na figo zinajaribu tu kuitoa nje.

Kama sukari imejaa katika damu, basi swali lililofuata lilikuwa rahisi: inatoka wapi? Watu wakatazama sahani.

Daktari wa jeshi na mji uliozingirwa

Mwaka wa 1797, John Rollo, daktari wa jeshi la Uingereza, alichapisha kitabu juu ya ofisa mmoja wa mizinga aliyeitwa Meredith. Huyu alikuwa mtu mnene aliyepatwa na sukari. Rollo alimwondolea karibu vyakula vyote vya shamba, mkate na nafaka, akamwachia hasa nyama, mafuta na maziwa. Sukari katika mkojo ikapungua, na Meredith akapata nafuu. Hiyo ni moja ya mara za kwanza ambapo daktari alionyesha kwa vipimo kwamba chakula kinaweza kuushika ugonjwa huu.

Ushahidi mkubwa zaidi ulitoka katika vita. Kuanzia Septemba 1870 mpaka Januari 1871, jeshi la Prussia liliuzingira mji wa Paris. Chakula hakikuingia. Mkate uligawanywa kwa kipimo, watu wakala farasi, kisha paka na panya. Katika mji huo alikuwamo Apollinaire Bouchardat, daktari aliyekuwa akifuata wagonjwa wa sukari kwa miaka mingi. Aliona jambo la ajabu: wakati watu wengine wanadhoofika kwa njaa, baadhi ya wagonjwa wake hawakuwa tena na sukari katika mkojo.

Bouchardat alikuwa tayari anawafundisha wagonjwa wake wapunguze mkate na vyakula vya wanga, waongeze mboga za majani, wapime mkojo wao wenyewe kila siku, na wafanye kazi ya mwili mpaka jasho litoke. Yale aliyoyaona katika vita yalimpa nguvu katika mafundisho hayo. Mpaka leo watu wanamhesabu kuwa mmoja wa mababa wa matunzo ya sukari kwa njia ya chakula na mwendo.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu wanaotusikiliza wanajua njaa ni nini. Njaa ya Paris haikuwa dawa. Katika mji huohuo maelfu ya watu walikufa kwa njaa, baridi na magonjwa, na watoto wadogo walikuwa wa kwanza kwenda. Kilichowasaidia wale wagonjwa wa Bouchardat si mateso. Walikuwa watu waliozoea kula zaidi ya mahitaji ya mwili, na mwili wao ulipopunguziwa mzigo ukapumua. Mtu ambaye tayari ni mwembamba hana mzigo wa kupunguza. Tutalirudia jambo hili mbele.

Mwaka wa 1880, Mfaransa mwingine, Étienne Lancereaux, aliandika wazi kile ambacho Wahindi walikuwa wamekiona zamani: kuna sukari ya watu wembamba na sukari ya watu wanene, na hazifanani. Lakini hakuna aliyejua kwa nini.

Watoto waliofungishwa chakula

Jibu lilianza kuonekana mwaka wa 1889 huko Strasbourg. Madaktari wawili, Oskar Minkowski na Joseph von Mering, walimtoa mbwa kongosho, kiungo kinacholala nyuma ya tumbo. Mbwa akaanza kukojoa sana, na mkojo wake ukawa na sukari nyingi. Basi ilijulikana kwamba kongosho linatoa kitu fulani kinachotawala sukari, na kitu hicho kikikosekana, sukari inapanda. Lakini kukipata kitu chenyewe kulichukua miaka zaidi ya 30.

Katika miaka hiyo ya kungojea, daktari mmoja wa Marekani, Frederick Allen, alishika wazo la chakula na kulifikisha mwisho wake. Kuanzia mwaka wa 1914 hivi, aliwapa wagonjwa chakula kidogo sana, siku nyingine wafunge kabisa, ili mradi mkojo usionyeshe sukari. Kwa watu wazima wanene njia hiyo ilileta nafuu. Lakini alikuwa anawatunza pia watoto wembamba, na kwao hakukuwa na njia nyingine. Mtoto aliyekula kawaida alikufa kwa sukari katika muda mfupi. Mtoto aliyefungishwa aliishi muda kidogo zaidi, akiwa mifupa na ngozi.

Mmoja wao anajulikana kwa sababu baba yake alikuwa mkubwa wa serkali ya Marekani. Anaitwa Elizabeth Hughes. Alipata sukari mwaka wa 1919, akiwa na miaka 11. Kwa miaka mitatu wazazi wake walimpimia kila kipande cha chakula. Ilipofika Agosti 1922, akiwa karibu kutimiza miaka 15, alikuwa na kilo 20 hivi tu. Mama mwenye mtoto wa miaka mitano au sita nyumbani ajaribu kumbeba, atajua kilo 20 ni kitu gani kwa msichana wa miaka 15.

Hii ndiyo sehemu ya historia ambayo tunaomba kila mtu anayesema «chakula peke yake kinaponya sukari» aisikie. Jambo hilo limekwisha kujaribiwa kwa watoto, na madaktari wenye elimu, katika nchi yenye pesa, kwa wazazi waliokuwa na kila kitu. Watoto walikufa. Hawakufa kwa kukosa imani wala kwa kukosa bidii. Mwili wao haukuwa na insulini, na hakuna mboga, majani wala mbio zinazoweza kuchukua nafasi yake.

Toronto, 1922

Mwaka wa 1921, huko Toronto katika nchi ya Kanada, Frederick Banting na kijana msaidizi wake Charles Best, katika maabara ya profesa John Macleod, walianza kutafuta kile kitu cha kongosho. Baadaye James Collip akajiunga nao ili kukisafisha. Tarehe 11 Januari 1922 walimchoma sindano ya kwanza Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 aliyekuwa na kilo 29 hivi, karibu kufa. Sindano hiyo haikusaidia vizuri, dawa ilikuwa na uchafu. Collip alifanya kazi usiku na mchana, na tarehe 23 Januari wakamchoma tena. Safari hii sukari ilishuka na kijana akapata nguvu. Akaishi miaka mingine 13.

Mwaka huohuo Elizabeth Hughes alipelekwa Toronto. Alipewa insulini na akaruhusiwa kula. Alikua, akaolewa, akazaa watoto watatu, akafa mwaka wa 1981 akiwa na miaka 73. Banting na Macleod walipata zawadi ya Nobel mwaka wa 1923. Haki za dawa hiyo ziliuzwa kwa chuo kikuu cha Toronto kwa dola moja moja tu, kwa sababu wavumbuzi hawakutaka mtu mmoja aishike kama mali yake. Leo familia nyingi za kwetu zinapouza mbuzi au mashuka ili kununua chupa moja ya insulini, ni vema kukumbuka kwamba waliovumbua walitaka iwe ya watu wote.

Kuna pia hadithi ya kweli ya mkimbizi. Eva Saxl alizaliwa Prague, akakimbia mateso ya Wayahudi huko Ulaya pamoja na mume wake Victor, wakafika Shanghai, nchini Uchina. Huko ndipo alipopatikana na sukari. Mwaka wa 1941 vita vikafunga njia, maduka ya dawa yakafungwa, na insulini ikakosekana. Mume na mke walitafuta kitabu cha udaktari kilichoeleza jinsi Banting alivyofanya, wakapata makongosho ya nyati wa maji, wakatengeneza insulini yao ya rangi ya kahawia, wakaijaribu kwanza kwa sungura. Kisha Eva akajichoma mwenyewe. Ikafanya kazi. Wakawapa na wagonjwa wengine wa mji ule mpaka vita vikaisha. Hatusimulii haya ili mtu ajaribu nyumbani, hapana, ni hatari kubwa. Tunasimulia ili ionekane kwamba hata mwanamke mkimbizi, aliyejua kwamba hana njia nyingine, hakusema «nitapunguza tu chakula». Alijua mwili wake hauna insulini.

Sukari mbili, majibu mawili

Baada ya mwaka wa 1922 watu wengi walifikiri kwamba neno limekwisha: sindano imekuja, chakula si kitu tena. Hilo nalo lilikuwa kosa. Mwaka wa 1936, Mwingereza Harold Himsworth alionyesha kwamba kuna wagonjwa ambao insulini inafanya kazi upesi katika mwili wao, na wengine ambao mwili wao unaikataa, ni kama mlango wenye kufuli iliyoshika kutu. Ndiyo leo tunaita aina ya kwanza na aina ya pili.

Katika aina ya kwanza, kongosho limeacha kutoa insulini. Huyo anahitaji sindano kila siku, maisha yake yote. Chakula na mwendo vinamsaidia, lakini havichukui nafasi ya sindano.

Katika aina ya pili, ambayo ndiyo ya wagonjwa wengi zaidi duniani, insulini ipo lakini haifanyi kazi vizuri au haitoshi. Hapo ndipo chakula na mwendo vina nguvu kweli. Wengine wanahitaji pia vidonge. Kidonge kinachojulikana sana, metformini, kilianza kutumiwa kwa wagonjwa mwaka wa 1957 na daktari Mfaransa Jean Sterne, na asili yake ni utafiti juu ya mmea mmoja wa Ulaya uitwao galega. Kwa hiyo hakuna anayedharau majani. Lakini ilichukua miaka mingi ya kupima kipimo na sumu mpaka kikawa kidonge ambacho mtu anaweza kukiamini. Majani ya kuchemsha yasiyojulikana kipimo chake si kitu kimoja na hicho.

Sasa, nguvu ya chakula na mwendo kwa aina ya pili ni kiasi gani? Hapo historia ya karibu inasema kwa hesabu.

Mwaka wa 1982, huko kaskazini-magharibi mwa Australia, mtafiti Kerin O'Dea alifuatana na wenyeji 10 wa asili ya nchi ile, wote wenye sukari, waliokuwa wakiishi mjini kwa unga mweupe, sukari na pombe. Walirudi porini kwao kwa wiki 7, wakawinda, wakavua samaki, wakachimba viazi vya pori. Walipungua kilo 8 kwa wastani, na sukari yao ya asubuhi ikashuka kutoka karibu 210 mpaka karibu 120 kwa kipimo cha miligramu tunachotumia huku kwetu.

Mwaka wa 1986, katika mji wa Daqing huko Uchina, watu 577 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda bila kufikia ugonjwa walifuatwa kwa miaka 6. Waliobadilisha chakula, mwendo, au vyote viwili, walipata ugonjwa kwa uchache zaidi, kati ya 31 na 46 kwa mia chini ya wengine. Walipofuatwa mpaka miaka 30, ilionekana kwamba waliobadilika walichelewa kupata sukari kwa karibu miaka 4, na wachache zaidi kati yao walikufa kwa moyo na mishipa. Mwaka wa 2001 huko Ufini, na mwaka wa 2002 huko Marekani kwa watu 3234, kubadilisha chakula na kutembea kulipunguza hatari kwa 58 kwa mia. Huko Marekani metformini peke yake ilipunguza kwa 31 kwa mia. Na waliyoombwa wafanye si makubwa: kupunguza uzito kidogo kwa wale waliozidi, na kutembea dakika 150 kwa wiki, sawa na nusu saa kwa siku 5. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapo ufa uliweza kuzibwa.

Na wale waliokwisha kuugua je? Mwaka wa 2017, madaktari wa Uskoti na kaskazini mwa Uingereza walitangaza matokeo yao kwa watu 306 waliokuwa na aina ya pili kwa muda usiozidi miaka 6, na wasiotumia insulini. Waliopewa chakula kidogo sana kwa miezi 3 mpaka 5, chini ya uangalizi, 46 kwa mia kati yao sukari ilitulia bila dawa baada ya mwaka mmoja. Baada ya miaka miwili walibaki 36 kwa mia. Wale ambao uzito ulirudi, sukari nayo ilirudi. Ndiyo maana madaktari hawasemi «wamepona», wanasema sukari imetulia. Ni kama moto uliofunikwa na majivu: ukiuacha unakaa kimya, ukiutia kuni unawaka.

Na sisi, katika Kivu?

Hadithi ile ya Australia inatugusa kwa namna ya pekee, kwa sababu vita vya kwetu vinafanya safari ileile kwa kinyume. Mama wa Masisi au wa Rutshuru alikuwa na shamba. Alipanda maharagi, alichuma lenga-lenga na sombe, alipanda na kushuka milima akiwa na mzigo mgongoni. Leo yuko katika hema au katika chumba kimoja na familia tatu. Anakula bugali wa bunga la kununua au la msaada, mara moja kwa siku, na mboga kidogo sana. Anakaa. Hasira na hofu vinamfuata usiku. Kumwambia mama huyu «kula vizuri, fanya mazoezi», kama kwamba alichagua maisha haya, ni kumwongezea uchungu.

Tena kuna jambo ambalo hesabu za Ulaya hazisemi. Kwetu wagonjwa wengi wa sukari si wanene. Mwaka wa 1955, daktari Philip Hugh-Jones aliandika juu ya wagonjwa wembamba huko Jamaika ambao sukari yao haikufanana na aina zile mbili. Shirika la Afya Duniani (OMS) liliandika sukari ya utapiamlo katika orodha yake mwaka wa 1985, likaiondoa mwaka wa 1999. Mwaka wa 2025, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari limeitambua tena na kuiita aina ya tano: sukari ya watu waliokosa chakula cha kutosha, hasa tangu utoto. Kwa mtu kama huyo, shauri la kupunguza kula ni hatari. Anahitaji protini, maharagi, samaki, na daktari wa kumfuata kwa karibu. Nchi kama yetu, yenye watoto waliokua katika njaa ya vita, ina sababu ya kulisikiliza jambo hili kuliko nyingine.

Tufanye nini basi?

Kutoka katika historia hii tunaweza kuchukua maneno machache ya kushika.

La kwanza: jua aina yako mbele ya kuchagua njia. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula kikifika 126 au zaidi, na kikarudiwa siku nyingine kikaonyesha hivyo hivyo, ni sukari. Uliza muganga wa kituo cha afya: ni aina gani?

La pili: mtoto au kijana anayekunywa maji bila kushiba, anayekojoa sana, aliyeanza tena kukojoa kitandani, anayekonda upesi, apimwe sukari siku hiyohiyo. Akianza kutapika na kupumua kwa nguvu, ni jambo la saa, si la siku. Mara nyingi watu wanadhani ni malaria. Mwombe muguzi apime vyote viwili.

La tatu: mwenye kutumia insulini asiiache kwa sababu ya shauri la jirani, la mhubiri au la muuza majani. Sala ni nzuri, na sindano ichomwe. Anayetumia insulini au vidonge na amekosa chakula siku hiyo aende kumuuliza muganga juu ya kipimo, kwa maana dawa bila chakula inaweza kuangusha sukari. Akianza kutetemeka, kutoka jasho la baridi na kuchanganyikiwa, apewe upesi vijiko vidogo vitatu vya sukari katika maji, maadamu anaweza kumeza. Akishindwa kumeza, asipewe kitu kinywani, akimbizwe kituo.

La nne: mwenye aina ya pili aangalie kwanza vinywaji. Sukre, chai yenye vijiko vinne, na kasiksi vinapandisha sukari kuliko kitu kingine. Kuviacha hakuhitaji pesa, kunaokoa pesa. Bugali si sumu, lakini bunga la muhogo karibu lote ni wanga: fanya donge liwe dogo, maharagi na mboga viwe vingi, na sambaza kama zinapatikana. Maharagi yanapandisha sukari polepole na yanashibisha. Palipo na nafasi ya hatua mbili, lenga-lenga inaota hata katika gunia la udongo.

La tano: tembea baada ya kula, hata kuzunguka mahema. Ila angalia miguu kila jioni, kwa sababu mwenye sukari anaweza kuchomwa na jiwe la lava asisikie, na kidonda kidogo kikawa kikubwa.

La sita, kwa wale wasio na friji: mwaka wa 2021, Madaktari Wasio na Mipaka na chuo kikuu cha Geneva walitangaza kazi waliyofanya kuhusu kambi ya Dadaab huko Kenya. Waliona kwamba insulini iliyokaa katika joto la kati ya digrii 25 na 37 kwa wiki 4 ilibaki na nguvu. Chungu cha udongo chenye maji kinasaidia kuishusha joto. Kwa hiyo kukosa friji si sababu ya kumnyima mkimbizi insulini. Muulize muganga jinsi ya kuihifadhi.

La mwisho ni kwa wakubwa. Insulini iko katika orodha ya dawa za lazima ya OMS tangu orodha ya kwanza ya mwaka wa 1977. Mwaka wa 2022 huko Lomé, nchi za Afrika zilikubaliana kupeleka matunzo ya magonjwa kama haya mpaka katika hospitali za wilaya. Wanaogawa msaada katika maeneo ya wahami wakumbuke maharagi na mboga pamoja na bunga, na wakumbuke vipimo vya sukari pamoja na vya malaria. Mgonjwa hawezi kuchagua chakula ambacho hakipo.

Kila tarehe 14 Novemba, siku aliyozaliwa Banting, dunia inakumbuka ugonjwa huu. Sisi tusingoje tarehe hiyo. Swali tuliloanza nalo lina jibu: ndiyo, chakula na mwendo vinaweza kuitawala sukari ya watu wengi, wengine hata bila dawa kwa muda. Lakini kwa mtoto asiye na insulini, jibu ni hapana, na limekuwa hapana tangu siku za Elizabeth Hughes.

Mwenye kusikia amwambie jirani, na mwenye kituo cha afya karibu aende kupimwa.